Kuletewa dawa nyumbani: nyota nne, na zote ni za simu ya mfamasia

Nitaanza na alama, maana najua wengi husoma alama kisha wakaenda zao: nyota nne kati ya tano. Pikipiki haimo katika nyota hizo. Nimezitoa kwa ajili ya simu inayopigwa kabla mzigo haujatoka dukani. Anayetafuta nani anafika upesi zaidi huenda asikubaliane nami, na ni haki yake.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Nina kisukari cha miaka mingi na najidunga insulini. Juu yake kuna vidonge vya presha na vya mafuta ya damu. Mke wangu ana baridi yabisi. Vidole vimejikunja, magoti yana siku zake, na safari ya kwenda kupanga foleni dirishani humgharimu mapumziko ya siku mbili kitandani. Kila mmoja wetu ana daktari wake, kliniki yake na cheti chake. Nyumba ya namna hii haiwezi kusema dawa zikiisha tutaona kesho.

Tumetumia huduma mbili. Ya kwanza ilikuwa programu kubwa ya simu, ile ya kupiga picha cheti na kusubiri. Ya pili, ambayo ndiyo tunayo sasa, ni duka la dawa la kawaida lenye mfamasia wake, linalopokea picha ya cheti kwa simu na kumtuma mtu kuleta. Sitaji majina. Ile ya kwanza sitaki ugomvi nayo, na hii ya pili sitaki ijae wateja ikanisahau.

Programu ile, tuseme kweli, ilipendeza. Unapiga picha, inasoma majina ya dawa yenyewe, inayapanga kwenye kikapu, unabonyeza, basi. Kwenye ramani unamwona mleta mzigo akija kama nukta inayotembea. Ila hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hata moja. Badala ya maswali yakaja matangazo: vitamini, mafuta ya samaki, krimu ya viungo, na maneno kwamba wenye dawa kama zako wamenunua na hizi. Mke wangu anakunywa methotreksati, dawa kali ya baridi yabisi yake. Sijui ni nani hununua methotreksati kwa kufuata mkumbo.

Kilichonitoa huko ni insulini. Ililetwa kwenye kasha la povu, na kalamu zangu za kujidungia zilikuwa zimelala juu ya vipande vya barafu, plastiki kwa plastiki, bila hata karatasi katikati. Kwa asiyejua hiyo ni ishara ya uangalifu: dawa ya baridi imeletwa na baridi. Lakini insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda imekwisha kazi. Kuiyeyusha hakuirudishi. Insulini ya aina yenye ukungu kama mawingu ikiganda utaona mabonge, walau inajisema. Ile angavu inaweza kuyeyuka ikaonekana safi kabisa, ukajidunga, na sukari ikabaki juu huku wewe ukilaumu chakula. Nilipiga simu. Mashine ikanipitisha kwenye vitufe, kisha kijana mmoja mwenye adabu akaniambia, "Mzee, usijali, ikiyeyuka itakuwa sawa." Nikamwuliza kama yeye ni mfamasia. Akasema yuko kitengo cha usafirishaji. Pesa walirudisha, sina deni nao. Lakini mtu wa usafirishaji kunishauri juu ya insulini, hilo lilinitosha.

Duka la sasa hufunga barafu pembeni, kalamu katikati, na karatasi nene kati yao. Pembeni ya kasha hubandikwa kibandiko kinachobadilika rangi joto likipita kiasi, na mleta mzigo ameagizwa anionyeshe kabla sijatia sahihi. Dawa za friji haziachwi kwa jirani wala mlinzi. Nisipokuwepo zinarudi dukani, na hapo ndipo wengine hukasirika wakaandika maoni mabaya. Mimi nimeona ndivyo inavyopaswa. Kalamu ninayoanza kuitumia hukaa nje ya friji mahali pasipo joto, naiandikia tarehe kwa kalamu ya wino, na baada ya siku 28 naitupa hata ikiwa na kilichobaki. Hizo 28 ni za aina yangu. Nyingine zina muda wake, na umeandikwa kwenye karatasi ya ndani ambayo watu huitupa pamoja na boksi.

Sasa niseme habari ya simu.

Mara ya kwanza nilipowatumia cheti cha mke wangu, mfamasia alipiga. Binti, sauti ya upole, shikamoo yake ikatangulia. Nikadhani anataka maelekezo ya nyumba. Akasema, "Mzee, naomba niongee na mama mwenyewe, kama hatajali." Nikampa simu mama, nikakaa kusikiliza. Alimwuliza dawa hii anakunywa siku gani ya wiki. Hakuuliza anakunywa mara ngapi, ameuliza siku gani. Mke wangu akajibu Jumapili. Akauliza ni vidonge vingapi kwa mara moja, na kila kimoja kimeandikwa miligramu ngapi. Akauliza kipimo cha damu cha mwisho kilikuwa lini, na kama daktari alisema lolote kuhusu ini. Akauliza kama ana vidonda mdomoni au kikohozi kikavu kisichoeleweka. Akauliza dawa za maumivu anazonunua bila cheti, na kama kuna mitishamba. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hapendi maswali ya watu wa hospitali, alimjibu yote, na mwisho wakacheka jambo ambalo sikuambiwa.

Kwa asiyeifahamu dawa hii: methotreksati ya baridi yabisi hunywewa mara moja kwa wiki. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu karibu kila kidonge kingine katika nyumba ya wagonjwa ni cha kila siku, na mkono una mazoea. Anayeikosea akainywa kila siku anaua uboho unaotengeneza damu. Watu wamekufa kwa kosa hilo, sehemu nyingi za dunia, wengine ndani ya wodi. Tena kuna vidonge vya miligramu 2.5 na vya 10, na si kila kiwanda kinavitofautisha vizuri kwa macho. Duka hili hutuletea vya 2.5 tu, daima, hata kama ni vingi kuvihesabu. Lebo yao imeandikwa kwa herufi kubwa: MARA MOJA KWA WIKI, JUMAPILI. Ile programu ilikuwa imebandika "Tumia kama ulivyoelekezwa na daktari". Nimefanya kazi ya hati maisha yangu yote, na hati inayosema kaulize kwingine kwangu ni karatasi tupu. Asidi foliki nayo, inayopunguza madhara ya methotreksati, ina lebo yake ya Jumatano, ili zisikutane.

Baadaye mke wangu akapata maambukizi ya njia ya mkojo. Siyo daktari wake wa viungo aliyemwona, ni mwingine, zamu ya jioni, kliniki imejaa. Akaandikiwa kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Septrin. Dawa ya zamani, ya kawaida, iko kila mahali. Nikapiga picha cheti, nikatuma, nikategemea asubuhi iko mlangoni. Asubuhi ikaja simu.

"Shikamoo mzee. Hii ya mama sitaituma."

Akanieleza taratibu. Methotreksati hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kutumia foleti, vitamini inayohitajika kutengeneza damu. Kotrimoksazoli nayo hugusa foleti hiyo hiyo, na pia inafanya figo zichelewe kuitoa methotreksati mwilini. Zikikutana, chembe za damu zinaweza kuporomoka, na mgonjwa mzee ndiye wa kwanza kuumia. Alikuwa ameshampigia daktari aliyeandika, wakakubaliana juu ya dawa nyingine, na cheti kipya kiko njiani. Dawa ilifika mchana. Kwa hesabu ya programu za simu, mzigo huo ulichelewa na mteja angestahili kuombwa radhi. Mimi ningewaandikia barua ya shukrani kama ningejua ipelekwe kwa nani.

Nimewaza sana juu ya hilo, maana programu ile nayo ilikuwa na vyeti vyetu vyote. Ilijua mke wangu anakunywa nini kuliko wanawe wanavyojua. Taarifa ilizitumia kuniuzia mafuta ya samaki.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayechagua huduma ni huu: peleka dawa zako zote mahali pamoja. Ukinunua insulini hapa kwa sababu ni nafuu, antibayotiki pale kwa sababu ni karibu, na vidonge vya maumivu kwa yeyote aliye wazi usiku, hakuna atakayeona mgongano, kwa sababu kila mmoja ameona kipande tu. Ibuprofeni ya dukani isiyohitaji cheti nayo ni kipande. Kwa mtu wa presha na figo za umri wangu si dawa ya kuchukulia kwa mzaha, na kwa anayekunywa methotreksati vilevile mfamasia anatakiwa ajue.

Jambo la pili lililonifurahisha ni la mhasibu, mnivumilie. Vidonge vyangu vya presha huja 28 kwenye pakiti. Vya mafuta ya damu huja 30. Vyote ni kimoja kwa siku. Ukivianza siku moja, pakiti ya tatu ya presha inaisha siku ya 84 na ya mafuta ya damu siku ya 90. Ukifika pakiti ya 12, moja imeisha siku ya 336 na nyingine siku ya 360, tofauti ya siku 24. Ongeza dawa za mke wangu na insulini yangu inayoisha kwa ratiba yake, utaelewa kwa nini kwetu kila wiki kulikuwa na kitu kinachokaribia kuisha. Nilikuwa na daftari la mistari kwa kazi hiyo tu. Watu husema wagonjwa hawafuati dozi kwa uzembe. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wenye magonjwa ya kudumu wanaofuata dawa zao ipasavyo, na mimi naamini sehemu ya nusu ile nyingine imekwama katika hesabu za pakiti.

Mfamasia aliliona kabla sijasema. Akapendekeza mwezi mmoja atuletee kila dawa kwa idadi pungufu, kiasi cha kufikisha zote siku moja, kisha tuanze upya kwa mizunguko ya siku 28. Methotreksati, kwa kuwa ni ya kila wiki, ikaingia humo bila shida: wiki nne ni wiki nne. Kwenye pakiti za 30 hukata vidonge viwili akavihesabu kwenye mzunguko unaofuata, na hukata upande ambao hauharibu jina wala tarehe ya kuisha muda. Sasa mzigo ni mmoja, siku moja, na siku tatu kabla ya hapo anapiga kuuliza kama kuna kilichobadilika. Ukimwambia daktari amepunguza dozi, anataka aone karatasi. Daftari langu limebaki na kurasa nyingi nyeupe.

Vifuniko. Hili sikuwahi kulifikiria mpaka nilipomkuta mke wangu akifungua kopo kwa meno. Makopo mengi ya dawa yana kifuniko cha kukandamiza huku ukizungusha, kimetengenezwa ili mtoto asifungue, na mwenye baridi yabisi naye hafungui. Tulipouliza, duka likatupa vifuniko vya kawaida, kwa masharti kwamba makopo yakae juu wajukuu wakija. Lilikuwa jambo la kuomba tu. Hakuna fomu yoyote inayokuuliza vidole vyako vikoje.

Kuna mwezi vidonge vya presha vilikuja vyeupe badala ya vya manjano, boksi tofauti, kiwanda tofauti. Mke wangu akavikataa kwa niaba yangu. Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi ndogo yenye mwandiko wa mkono: dawa ni ile ile, kiwanda kimebadilika, usichanganye na zilizobaki ukanywa mbili. Angalia jina la kimataifa la dawa, lile linaloandikwa chini ya jina kubwa la kiwanda. Majina hayo husimamiwa na Shirika la Afya Duniani, orodha yake ya kwanza ilitoka 1953, na ndiyo yanayokusaidia rangi inapobadilika. Karatasi ile ingepaswa kuwa ya kuchapwa, kwa herufi kubwa, kwa kila anayebadilishiwa. Mwandiko wa mfamasia wetu ni wa kusoma mara mbili.

Kuhusu sheria zao, wana ukali ambao mwanzoni uliniudhi. Picha ya cheti inatosha kuandaa dawa, lakini mleta mzigo hakabidhi kitu bila kuona karatasi yenyewe, na cheti kilichopitwa na muda hakikubaliki hata ukilia. Na wana dawa ambazo hawaleti kabisa. Mke wangu alipofanyiwa upasuaji wa goti akaandikiwa mofini ya siku chache, walisema niende mwenyewe na kitambulisho. Mofini iko chini ya mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, na haipandi pikipiki yao. Nilikwenda. Nilinung'unika njia nzima, lakini nilikwenda.

Naambiwa kuna tovuti zinazotuma dawa yoyote bila cheti, bila simu, bila swali. Ndizo za kukimbiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia, na tovuti isiyoonyesha iko mtaa gani wala mfamasia wake ni nani haikupi hata pa kwenda kulalamika. Mimi kabla ya kutuma cheti cha kwanza nilikwenda kuliona duka kwa macho: leseni ukutani, mfamasia yupo, friji ina kipimajoto. Asiyeweza kwenda amtume mtoto. Hadi leo mzigo ukifika nalinganisha jina, nguvu ya dawa, idadi, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, mleta mzigo akiwa bado mlangoni. Ameshazoea. Huvua kofia yake akakaa kwenye ngazi.

Bei ya dawa ni ile ya dirishani, nimelinganisha risiti. Ada ya kuleta ipo na si kubwa, ila huongezeka ukiagiza nje ya ratiba. Mfuko ni wa kahawia, umefungwa, jina la dawa haliko nje, jambo ambalo ile programu haikulijali; boksi zao zilitangaza ugonjwa wako kwa ngazi nzima.

Nyota ya tano nimeizuia kwa mambo mawili. La kwanza, Jumapili hawapo, na Jumapili ndiyo siku ya methotreksati; swali likizuka siku hiyo unajibiwa na ujumbe uliorekodiwa. Namba ya zamu ingetosha. La pili ni sindano zilizotumika. Wananiletea sindano mpya kila mzunguko, lakini za zamani hawazichukui, wala kalamu tupu, wala dawa zilizopitwa na muda. Nimeuliza zaidi ya mara moja. Mfamasia anasema hawana kibali cha kusafirisha taka za namna hiyo, na namwamini, ila aliyepewa kibali cha kuleta angeombewa na cha kurudisha. Kwa sasa nazitia kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, na siku ya kliniki nalipeleka hospitali mwenyewe.